Ignat Korotayev Hakuinuka

Katika mji wa Staromostye watu husema kwamba Ignat Savelyevich Korotayev, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyeinuka wa kwanza siku mwanawe alipokwenda vitani. Wanaolisema hilo hawakuwapo. Foleni ya mkate inalisema. Benchi lililo mbele ya lango la nyumba linalisema. Kwenye televisheni lilisemwa na mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, ambaye siku hiyo alikuwa Moscow, mwendo wa nusu siku kwa treni. Ignat Savelyevich hakuinuka. Waliokuwamo chumbani walikuwa watatu. Wawili wamekufa, na wa tatu ni mkewe, Rimma Arkadyevna, aliyefundisha lugha na fasihi katika mji huo hadi alipostaafu, na ambaye hana kawaida ya kusema jambo asilolijua.

Kila mtoto wa Staromostye anajua maana ya kuinuka. Kabla ya safari, watu wa nyumba hukaa. Mizigo iko mlangoni, makoti yamevaliwa, hakuna anayesema neno. Kisha mkubwa wa nyumba huinuka na kusema, "Haya, Mungu awe nawe," na hapo ndipo msafiri hutoka. Anayetoka kabla mkubwa hajainuka anajitafutia balaa. Kwa hiyo kusema kwamba baba aliinuka wa kwanza ni kusema alimruhusu mwanawe aende. Wengine hufika mbali zaidi, wakasema alimtuma.

Ignat alikuwa mtoto wa fundi wa mabehewa. Alikulia katika nyumba ya mbao karibu na reli, akasoma chini ya taa ya kituo, na akapata nafasi chuoni Moscow kwa akili yake mwenyewe, bila mjomba wala shangazi wa kumshika mkono. Huko bwenini alipewa chumba kimoja na Mstislav Terekhov.

Terekhov wa siku zile alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa afisa, ambaye hakuwahi kununua soseji wala hakuwahi kukosa soseji. Usiku alikaa juu ya meza ya jiko la bweni na kusema. Alisema mpaka birika likauke. Mtu peke yake si kitu, alisema; mtu ni jani, taifa ndilo mti, na vuli inapofika mti hauyaombi majani ruhusa.

"Na nani atafagia?" Ignat aliuliza, akimenya viazi.

Jiko zima lilicheka, Terekhov kuliko wote. Walipendana kwa namna hiyo, mmoja akisema, mwingine akimenya.

Inasemekana Ignat alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Hilo nalo si kweli. Vitabu vya Terekhov vilipoanza kuchapishwa, vilifika Staromostye kwa posta, kila kimoja kikiwa na saini ya mwandishi. Ignat alisoma viwili. Cha tatu, ambacho kilikuwa kinene sana, alikiweka juu ya ubao wa pipa kukandamizia kabichi ya kuchachusha. Kilikaa pale majira yote ya baridi, mpaka Rimma Arkadyevna alipokitoa, akakikausha juu ya radieta ya kupashia chumba joto na kukiweka kabatini nyuma ya kioo, mahali pa kuonekana.

Miaka ya tisini, watu wote walipokuwa wakiuza chochote kilichouzika, Terekhov aliwahubiria watu wachache katika vyumba vya chini ya ardhi. Baadaye majenerali walianza kumwalika. Kisha wakaja watu wenye magari meusi. Kisha picha yake ikaanza kuonekana kwenye televisheni, na vijana ambao hawakuwahi kumsoma wakaanza kunena kama yeye, taratibu, wakitazama mbali juu ya kichwa cha mtu. Huko Staromostye lilikuwapo duka la viatu lililofungwa. Likafunguliwa tena kama klabu ya wafuasi wake, likaitwa Mizizi. Palikuwa na chai ya bure na mabango, na vijana wa karakana ya mabehewa, ambao zamu zao zilikuwa zimepunguzwa, walikuwa na muda mwingi wa kunywa chai.

Vsevolod, ambaye nyumbani aliitwa Seva, alikuwa fundi katika karakana hiyo, kama babu yake. Alikuwa mtoto wa pekee. Alikuwa mtaratibu, mwenye adabu, mtu wa kuvua viatu mlangoni hata kama anarudi mara moja kuchukua funguo.

Vuli moja Terekhov alikuja kutoa mhadhara katika Jumba la Wafanyakazi wa Reli, na baada ya mhadhara alikula chakula cha jioni kwa Korotayev. Rimma Arkadyevna alitandika kitambaa cheupe cha mamake. Alipika nyama ya bata na tufaha, akatengeneza saladi ya samaki wa chumvi na kiazisukari, akatoa vikombe ambavyo havikuwa vimetoka kabatini tangu harusi. Gari jeusi lilisimama langoni na madirisha yote ya jengo yalikuwa na vichwa. Hakuna aibu katika kumpokea mgeni vizuri.

"Rimma Arkadyevna, mikono yako ni dhahabu," alisema Terekhov. "Na wewe Ignat umenenepa. Kumbe jiografia inalisha."

"Inalisha viazi," alijibu Ignat. "Na wewe naona bado hujajifunza kununua soseji yako."

"Sasa wananinunulia."

"Walikuwa wakikununulia tangu zamani, ndugu yangu. Mimi hapa nilikuwa mmojawapo."

Walicheka mpaka Terekhov akafuta macho kwa leso. Seva alikuwa amekaa pembeni ya meza, hajagusa bata wake.

"Mstislav Varlamovich," alisema, "na mtu ambaye hana kazi ya maana? Taifa linamhitaji?"

Terekhov aliweka uma chini. Alikuwa na kipaji hicho: mtu akimuuliza swali alimtazama kana kwamba hakuna mwingine chumbani.

"Mwanangu," alisema, "huyo ndiye linayemhitaji hasa."

"Usimsikilize, Seva," alisema Ignat. "Huyu tangu chuoni amekuwa akihitaji watu wa kumwoshea vyombo."

Wakacheka tena. Seva hakucheka.

Kama Ignat alikosa, alikosa hapo, na lilikuwa kosa la rika lake lote. Walikua chini ya mabango. Kila ukuta ulikuwa na neno kubwa jekundu, na kila mtu alipita chini yake akienda kutafuta siagi. Walijifunza mapema kwamba neno kubwa halina meno: unapiga makofi, unarudi nyumbani, unalicheka jikoni. Ignat aliamini kwamba kitu ukishakicheka hakiwezi kukuuma. Hakufikiria kwamba mwanawe hakukulia chini ya mabango yale, na kwamba kwake yeye neno lilikuwa neno tu, la kuaminiwa.

Baridi nzima ile Seva alikwenda Mizizi. Kiangazi kilichofuata, mapigano yalipokuwa yameanza upande wa pili wa mpaka, mashariki mwa Ukraini, alisema mezani, akila supu:

"Naondoka Jumamosi. Na vijana."

"Kwenda wapi?" aliuliza baba yake.

"Unajua ni wapi, baba."

"Umeitwa? Nani amekuita? Jeshi limekuita?"

"Si lazima mtu aitwe."

"Majani hayaitwi, sivyo?"

Seva aliweka kijiko chini. "Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyemleta kwenye meza hii. Maisha yangu yote nasikia rafiki yangu Terekhov, rafiki yangu Terekhov. Mama amekiweka kitabu chake kabatini kama sanamu ya mtakatifu."

"Nilisema rafiki. Sikusema nabii."

"Basi mpigie simu umwambie amekosea. Yeye akiniambia nisiende, siendi."

Ignat alipiga simu Moscow. Alipiga kutoka ukumbini, mlango ukiwa wazi, wote wakisikia. Alimwita kwa jina la bwenini.

"Slava, ni mimi. Mwanangu anataka kwenda. Mwambie asiende."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, ndefu, yenye vituo.

"Sikiliza," alisema Ignat. "Wewe una wana wawili. Wako wapi?"

Sauti ilisema kidogo.

"Kazi nyingine gani?" aliuliza Ignat.

Baadaye alirudisha simu mahali pake na kusema kwamba laini ilikuwa mbaya. Kisha akaketi na kumaliza supu yake. Hakupiga kelele wala kumlaani mwanawe, ingawa yapo yanayosemwa kwenye benchi kuhusu hilo pia.

Jumamosi ilikuwa ya joto. Begi la Seva lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Rimma Arkadyevna alikuwa ameoka mkate wa kujazwa kabichi, akaufunga kwa taulo ungali moto. Chini ya dirisha gari la vijana wa Mizizi lilikuwa likinguruma. Wakakaa kama inavyopaswa: Seva kwenye kigoda karibu na mlango, mama yake ukingoni mwa kochi, Ignat kwenye kiti chake cha dirishani, mikono juu ya magoti.

Kukaa huko kwa kawaida hakuzidi pumzi chache. Pumzi chache zilipita. Ignat hakuinuka.

"Baba," alisema Seva.

"Tumekaa," alisema Ignat.

Honi ililia chini. Kutoka ghorofa ya pili ilisikika sauti ya jirani, Lyusya: "Nyie wahuni, hiyo honi kawapigieni mama zenu! Watu wanalala!"

"Nani analala mchana, shangazi?" kijana mmoja alimjibu, na wenzake wakacheka.

"Wenye kazi za usiku, mbwa wewe."

"Baba, wananisubiri," alisema Seva.

"Na wasubiri. Desturi ni desturi."

Seva angeweza kuinuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye mabega mapana kuliko baba yake. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ile. Hapigi mluzi chumbani, hasalimiani kwa mkono juu ya kizingiti, hatoki kabla mkubwa hajainuka. Ignat alijua. Alikuwa ametafuta wiki nzima mlango ambao mwanawe hangeweza kuuvunja, na alipoupata akaukalia. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa akitazama mpira wa dunia ulio juu ya kabati, ule alioutumia kumfundishia Seva majina ya mito.

Walikaa hivyo. Taulo lilianza kulowa mvuke wa mkate. Honi ililia tena, mara hii kwa muda mrefu, na madirisha ya jengo yakaanza kufunguka moja moja. Sauti za majirani zilisikika zikiulizana kuna nini kwa Korotayev, mbona kijana hatoki, au ameogopa. Mtu alicheka. Jina la Korotayev lilitajwa pale chini mara kadhaa.

Kisha mlango ukafunguliwa na ukafungwa. Seva alikwenda, na mkate wa kabichi alikwenda nao. Ignat Savelyevich alikuwa bado ameketi. Aliketi hapo mpaka jua lilipoondoka dirishani, na alipoambiwa chakula kiko mezani alisema hana njaa.

Seva alirudishwa mwezi wa Agosti katika jeneza la bati ambalo halikufunguliwa. Kuhusu siku hiyo hakuna mengi. Waliolibeba walikuwa na matope kwenye buti, ingawa hapakuwa na mvua, na Rimma Arkadyevna alipiga deki ukumbi mara walipotoka. Alipiga deki ukumbi, akapiga deki ngazi mpaka chini, akabadilisha maji, akapiga tena. Watu walimwambia apumzike. Hakuwa amechoka.

Siku ya arobaini palikuwa na meza, kama ilivyo kwa wote. Ngano iliyochemshwa na asali, chapati za maji, uji mzito wa matunda. Mbele ya picha ya Seva palikuwa na gilasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Terekhov alikuja. Alikuja na watu wa kamera, ambao waliomba radhi kwa kila mtu na kusogeza viti. Alisimama, akashika gilasi, na kusema kwa sauti ile ile ya jiko la bwenini, ila sasa ilikuwa nzito zaidi.

"Ninawajua watu hawa. Nimekula chumvi yao. Siku ya safari walikaa, kama walivyokaa baba zetu. Na baba huyu, rafiki wa ujana wangu, aliinuka wa kwanza."

Huenda hakuwa akidanganya. Hakuwapo, hakuuliza, alijua kijana alitoka, na alijua desturi, basi akajaza mwenyewe. Ndivyo alivyofanya na mambo mengi, na vitabu vikatoka.

Meza nzima ilimgeukia Ignat Savelyevich. Kamera nayo ikageuka. Alikuwa na uma mkononi. Alitazama mezani, upande wa mkewe, kisha akatazama sahani.

"Kuleni chapati," alisema. "Zinapoa."

Basi. Hakusema zaidi siku hiyo, wala siku yoyote kati ya siku zilizombakia. Maneno ya Terekhov yalitangazwa Moscow, yakarudi Staromostye yamekuwa makubwa. Yaliandikwa kwenye fulana. Yakawa kichwa cha mhadhara. Kina mama wasiomjua walimsimamisha Ignat sokoni, mmoja akambusu mkono, mwingine akamtemea mate miguuni, na wote wawili aliwaambia, "Siku njema, mama," akaendelea kuchagua vitunguu.

Alirudi kufundisha. Kwa sheria ya shule zetu mwalimu akiingia darasa zima husimama. Ignat Savelyevich alianza kusema akiwa bado nje ya mlango: "Kaeni, kaeni, msisimame." Mkaguzi aliandika kwamba nidhamu katika darasa la jiografia imelegea. Nidhamu haikulegea. Watoto walikaa kimya, na walijua mito yote.

Wala hakukaa tena kabla ya safari. Hata moyo wake ulipoharibika na gari la wagonjwa likaja, Lyusya, aliyekuwa amepanda na mfuko wa tufaha, alimwambia, "Kaa kidogo, Ignat Savelyevich, angalau kwa ajili ya baraka." Yeye alivaa kofia akashuka ngazi. Alikufa hospitalini mwezi wa Februari. Kutoka Moscow lilikuja shada kubwa lenye utepe, ambalo liliwekwa mahali pake, yaani pamoja na mashada mengine.

Majira haya ya kuchipua, kijana wa Mizizi aitwaye Gennadi alifika kwa Rimma Arkadyevna. Gennadi alisoma dawati moja na Seva. Sasa ana tumbo na ofisi. Alivua viatu, akatoa mchoro wa bamba la jiwe jeusi litakalowekwa kwenye ukuta wa shule, na akaomba familia iridhie. Familia ni Rimma Arkadyevna. Lyusya alikuwapo jikoni, kama anavyokuwapo kila mahali penye chai.

Kwenye mchoro palikuwa na jina la Ignat Savelyevich, miaka yake, na chini yake: Baba Aliyeinuka wa Kwanza.

"Maneno ya chini yafute," alisema Rimma Arkadyevna.

"Mwalimu, hayo ndiyo yenyewe. Bila hayo anabaki mwalimu wa jiografia tu."

"Alikuwa mwalimu wa jiografia tu."

"Profesa Terekhov mwenyewe aliyasema."

"Profesa hakuwapo. Hata wewe, Gena, ulikuwa chini unapiga honi. Nilikuwapo mimi. Hakuinuka."

Lyusya aliacha kukoroga chai. Gennadi alitazama mchoro wake, kisha akamtazama mwalimu, na ilionekana anafikiri, jambo ambalo shuleni halikumtokea mara nyingi. Insha zake zote alinakili kwa Seva.

"Lakini miaka yote ile hakukanusha," alisema taratibu. "Mtu asingiziwe jambo kama hilo, akae kimya?"

"Hata mimi, Rimma mpenzi, nimekuwa nikijiuliza," alisema Lyusya. "Kwa jambo kama hilo mwanamume angevunja hata sahani."

"Katika nyumba hii hatuvunji sahani."

"Seva namjua," aliendelea Gennadi. "Yule asingetoka bila mkubwa kuinuka, hata gari lingewaka moto. Tulimcheka kwa hilo. Sasa kama mzee hakuinuka, na mlikuwa watatu..."

Hakumalizia. Rimma Arkadyevna alichukua kalamu yake nyekundu, ile ya kusahihishia, akayapiga mstari maneno ya chini, mstari mmoja, kwa rula. Akasaini pembeni.

"Jina lake," alisema. "Miaka. Mwalimu wa jiografia. Ukiongeza neno moja nitakuja mwenyewe na nyundo, na kamera zako zije."

"Mwalimu, basi niambie tu, mimi peke yangu, nani—"

"Koti lako liko mlangoni."

Alikwenda. Lyusya naye akakumbuka kwamba ana supu jikoni kwake.

Bamba limeshawekwa, na maneno ya chini hayapo. Ignat Savelyevich Korotayev hakuinuka, na anayesema aliinuka amesema uongo. Hilo ndilo lililohitaji kusemwa, na limesemwa. Aliyeinuka ni nani, watu wanauliza kwenye foleni, na wataendelea kuuliza. Rimma Arkadyevna hatawajibu.